Kwa nini Anabaena wa zamani leo anaitwa Dolichospermum?

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kandokando ya Ziwa Victoria, na karibu zote zinauliza habari ya ile kijani inayoelea. Nimepima maji hapa Mwanza kwa miaka 24, sehemu kubwa ya miaka hiyo jicho likiwa kwenye hadubini, kwa hiyo wasomaji wangu mniwie radhi: barua ya kwanza nitaijibu kwa urefu.

*Shikamoo mama. Nafuga sato kwenye vizimba, upande wa Ukerewe. Zamani maji yalipogeuka kijani tulipeleka chupa maabara, karatasi ikarudi imeandikwa Anabaena. Mwaka huu nimepeleka tena. Rangi ni ile ile, harufu ni ile ile, lakini karatasi inasema Dolichospermum. Je, kuna mdudu mpya ameingia ziwani? Na kati ya hao wawili nani ana sumu? — Mfugaji, Ukerewe*

Marahaba, mwanangu. Hakuna mgeni aliyeingia. Ni yule yule, alibadilishiwa jina mwaka 2009, na maabara nyingine zimechukua muda mrefu kulifuata jina hilo jipya.

Ngoja nikuoneshe ninachokiona mimi. Tone moja la maji yako nalidondosha kwenye slaidi, nafunika kwa kioo chembamba, nakuza mara 400. Zinatokea shanga. Mkufu mzima wa shanga za kijani-buluu, mara nyingi umejizungusha kama springi, na kila shanga ni seli moja. Ndani ya seli kuna vivuli vyeusi visivyo na ukingo: hivyo ni vifuko vidogo vya hewa vilivyojazana pamoja, ndivyo vinavyoupandisha mkufu hadi juu ya maji. Nikiufuata mkufu taratibu, nakuta shanga moja imepauka, ukuta wake mnene, na pale inapogusana na jirani zake ina nukta inayong'aa. Hiyo ni heterositi. Kazi yake ni kukamata naitrojeni ya hewa na kuigeuza chakula cha mkufu mzima. Oksijeni huiharibu kazi hiyo, ndiyo maana seli ile imejijengea ukuta mzito. Siku nyingine nakuta pia seli ndefu, nono, imejaa punje. Hiyo ni akineti, akiba ya siku mbaya, itakayozama kwenye tope na kungoja hali njema irudi.

Kwa umbo hilo, watangulizi wetu waliikusanya mikufu ya namna hii, yenye heterositi na akineti, katika jenasi moja, yaani kundi la spishi zilizo ndugu, wakaiita Anabaena. Ilikuwa nyumba yenye watu wengi mno. Humo mlikuwa na wanaoelea katikati ya ziwa, na mlikuwa na wanaoishi chini, wamejishikiza kwenye mawe, majani na tope. Wa chini hawana vifuko vya hewa. Hadubini ilikuwa ikiiona tofauti hiyo siku zote, ila wengi waliihesabu kuwa ndogo.

Vinasaba ndivyo vilivyoipa uzito. Viumbe hawa ni bakteria, na bakteria wote wana jeni inayoitwa 16S, yenye herufi zipatazo 1,500, na herufi hizo hubadilika polepole sana, kizazi hadi kizazi. Ukizipanga za viumbe wawili sambamba na kuhesabu zinapotofautiana, unapata kipimo cha undugu wao. Walipofanyiwa hivyo, waelea wenye vifuko vya hewa walikaa mbali na Anabaena wa chini ambao ndio wenye jina lao. Basi watafiti watatu, Wacklin, Hoffmann na Komárek, wakawahamishia kwenye jenasi Dolichospermum. Jina lenyewe walilifufua tu, lilikwishatumika karne ya 19 kisha likaachwa. Huyo Komárek, Mcheki, alitumia maisha yake karibu yote kuwachora, kuwapima na kuwapanga viumbe hawa, na mwaka 2014 yeye na wenzake walichapisha mpangilio mzima wa sianobakteria, yaani hawa bakteria wa kijani-buluu, unaotumia ushahidi wa pande zote: umbo, jeni, muundo wa ndani wa seli, na mahali kiumbe anapoishi. Mimi naufuata mpangilio huo. Naona ndio wa haki kuliko ule wa kutegemea jicho peke yake, au wa kutegemea mashine peke yake.

Nasema hivyo kwa sababu jicho limewahi kudanganywa vibaya. Yupo mwingine ziwani mwetu, uzi mwembamba wenye ncha, ambaye vitabu vya zamani vinamwita Cylindrospermopsis. Heterositi yake hukaa mwishoni mwa uzi, imechongoka kama tone la maji linalotaka kudondoka. Alikuwapo mwenzake wa jenasi nyingine, Raphidiopsis, anayefanana naye kwa kila kitu isipokuwa hana heterositi. Sasa fikiria: hata wenye heterositi hawaziundi kila siku. Naitrojeni ikiwa tele majini, huna haja ya kujenga kiwanda cha kuikamata hewani, na uzi unabaki mtupu. Kwa hiyo alama iliyokuwa ikitenganisha jenasi mbili ilikuwa ikija na kuondoka. Jeni ziliposomwa, wawili hao walikutwa wamechanganyika kwenye tawi moja, na mwaka 2018 wakaunganishwa. Jina la Raphidiopsis ndilo lililobaki kwa sababu ndilo lililotangulia.

Sasa nije kwenye sumu, maana najua ndiyo iliyokusumbua ukaandika.

Mshukiwa mkubwa kwetu si mkufu wa shanga. Ni Microcystis. Huyo hana uzi. Ni seli za mviringo, ndogo kiasi kwamba ukizipanga 200 kwenye mstari utapata kama milimita moja, zimekaa mamia kwa maelfu ndani ya ute. Umekata bamia ukaona mbegu zinavyoshikwa na ule mrenda? Ndivyo walivyo. Kwa macho matupu, kundi moja huonekana kama punje ya kijani inayoelea, na siku ya jua kali isiyo na upepo punje hizo zinapanda juu zote kwa pamoja, maji yanaonekana yamemwagiwa rangi ya mafuta. Hapo wataalamu wa umbo wanaangalia ule mrenda. Ukiwa na mpaka safi unaoonekana kama mstari, wanasema ni Microcystis wesenbergii. Kundi likiwa na matundutundu kama kitambaa cha lesi, mrenda hauonekani mpaka wake, ni Microcystis aeruginosa. Wapo na wengine.

Lakini peleka hao hao kwenye mashine ya kusoma jeni: 16S zao zinafanana kwa zaidi ya asilimia 99. Mwaka 2001 watafiti wa Kijapani walipendekeza spishi tano za Microcystis ziunganishwe kuwa moja. Na ukiwafuga kwenye chupa maabara, wengi wanaacha kutengeneza mrenda wa kutosha, kundi linasambaratika, unabaki na seli mojamoja ambazo huwezi kuziita wesenbergii wala chochote. Nimeliona hilo kwa macho yangu: chupa niliyoiwekea lebo kwa uhakika mwezi wa kwanza, mwezi wa nne nisingeweza kuapa ni nani yumo. Hata hivyo bado naandika jina la umbo kwenye daftari, kwa kuwa mrenda huo ziwani una kazi. Unaamua nani anapanda juu kwa kasi na nani analiwa na vijidudu wadogo. Kufanana kwa jeni moja hakufuti hayo.

Sumu yao, mikrosistini, hushambulia ini. Inatengenezwa na jeni kumi zilizojipanga pamoja, ziitwazo mcyA hadi mcyJ, zenye herufi zipatazo 55,000. Mpangilio huo ulielezwa mwaka 2000 kwa kutumia Microcystis wa maabara aliyetoka kwenye bwawa la Uholanzi. Na hapa ndipo naomba unisikilize kwa makini. Katika punje mbili za Microcystis, zenye umbo moja, rangi moja, jina moja, kutoka ndoo moja, ya kwanza yaweza kuwa na jeni hizo na ya pili isiwe nazo kabisa. Hadubini haiwezi kukuambia ipi ni ipi. Mashine ya PCR inaweza: inatafuta kipande cha mcyE, kwa mfano, ikikipata inakizidisha hadi kionekane. Tena jeni kuwapo ni uwezo tu. Kujua kama sumu imo majini leo, na kiasi gani, lazima sumu yenyewe ipimwe.

Nalisema hili kwa uchungu. Miaka iliyopita mfugaji mmoja alileta chupa, nikaangalia, nikaandika kwenye karatasi neno moja, Microcystis, nikagonga muhuri. Yeye na wanunuzi wake wakalisoma neno lile kama neno sumu. Samaki wake walikataliwa wiki nzima. Kipimo cha sumu kilipokuja kurudi, maji yake yalikuwa chini ya kiwango ambacho kifaa kinaweza kukiona. Nilikuwa nimempa jina sahihi, na jina hilo halikumjibu swali alilolileta. Tangu siku hiyo kila karatasi yangu ina mistari mitatu: umbo linasema nini, jeni ya sumu ipo au haipo, sumu imepimwa ni kiasi gani. Kama mstari wa tatu haujapimwa, naandika haujapimwa.

Kwa swali lako basi: Dolichospermum naye wapo wanaoweza kutengeneza sumu na wapo wasioweza. Upande wa pili wa ziwa, Ghuba ya Winam kule Kisumu, waliosoma jenomu, yaani jeni zote, za viumbe wa majini wamemkuta Dolichospermum kwa wingi, huku Microcystis akishika zaidi sehemu za maji mafupi yenye tope. Omba mstari wa tatu, mwanangu. Una haki nao. Na zile karatasi zako za zamani zilizoandikwa Anabaena usizitupe wala usizifute. Kwenye madaftari yangu sijafuta hata moja, nimeandika jina jipya pembeni kwa penseli, ili atakayekuja kulinganisha ziwa la wakati ule na la leo asidhani kiumbe mmoja ametoweka na mwingine amezaliwa.

*Shikamoo. Niko kidato cha nne, Sengerema. Kitabu kinawaweka hawa kwenye Monera pamoja na bakteria, lakini mtaani na hata darasani wanaitwa mwani wa buluu-kijani. Niandike nini? — Mwanafunzi*

Marahaba. Andika bakteria. Mwani wa kweli una kiini ndani ya seli, hawa hawana. Waliitwa mwani kwa sababu ni wa kijani, wanaishi majini, na wanatumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula huku wakitoa oksijeni kama mimea, na kwa miaka mingi waliokuwa wakiwachunguza walikuwa watu wa mimea.

Urithi huo umeacha tatizo ambalo halijaisha. Mwaka 1978 Roger Stanier na wenzake walipendekeza majina yao yafuate kanuni za bakteria. Kanuni za mimea zinakubali jina lisimame kwa kielelezo kilichokaushwa au mchoro. Za bakteria zinadai kiumbe hai, anayefugwa kwenye hifadhi mbili za nchi mbili tofauti, ili yeyote aweze kumwomba na kumchunguza upya. Dai hilo ni zuri, lakini sianobakteria wengi hawakubali kufugwa, na wanaokubali hubadilika umbo, kama nilivyomweleza ndugu yako wa Ukerewe hapo juu. Matokeo yake majina mengi hadi leo yanasimama kwa kanuni za mimea, na kiumbe ni bakteria. Ukiulizwa kwenye mtihani, taja kutokuwa na kiini. Ukiulizwa na mimi, taja na hilo la kanuni mbili.

*Mama, pole na kazi. Huku kwetu Musoma tunateka ziwani. Maji yakiwa na ile kijani nachuja kwa kitambaa, nachemsha sana, ndipo wanangu wanakunywa. Inatosha? — Mama wa watoto wanne*

Haitoshi, mwenzangu, na nakuomba leo hii uache. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara, endelea nako kwa maji mengine yote. Mikrosistini haiharibiwi na moto wa jikoni. Tena seli zikichemka zinapasuka, na sumu iliyokuwa imefungwa ndani inamwagika yote kwenye maji. Kitambaa kinakamata makundi makubwa, kile kilichokwisha kuyeyuka kinapita.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 ya mikrosistini katika lita ya maji ya kunywa kila siku. Ni kidogo mno kuonekana, kunuswa au kuonjwa. Mwaka 1996 katika mji wa Caruaru nchini Brazili, wagonjwa wa figo zaidi ya 50 walifariki baada ya damu yao kusafishwa kwa maji yaliyokuwa na sumu hii. Hayo yalikuwa mazingira ya peke yake, maji yaligusana na damu moja kwa moja, sikuambii kukutisha kwamba kikombe kimoja kitaua. Nakuambia ujue sumu yenyewe ni kitu cha kweli.

Siku za kijani teka kwenye kisima, au maji ya mvua uliyokinga. Kama ni ziwani tu, mtu aende na mtumbwi mbali na ufuko ambako utando umesukumwa na upepo, na hayo nayo yawe ya kufulia kwanza. Watoto wasioge wala kucheza pale, wao hunywa maji bila kujua. Mbuzi na mbwa wasinywe. Samaki mnaweza kula nyama yake, matumbo na ini tupeni.

*Habari za kazi. Nauza spirulina ya unga hapa Nakuru. Mteja mmoja amenikatalia akisema ninachouza si Spirulina. Ananionea? — Mfanyabiashara*

Kwa jina la sokoni hujakosea. Kwa jina la elimu mteja wako ana hoja. Kinachouzwa duniani kote kwa jina hilo kiliwekwa kwenye jenasi Arthrospira, kwa kuwa chini ya hadubini kuta kati ya seli zake zinaonekana wazi, na Spirulina wa kweli amejikaza kama skrubu nyembamba ambayo kuta zake huzioni. Mwaka 2019 baada ya kusoma jeni, wale wa chakula wakahamishwa tena, sasa ni Limnospira. Ndiye anayeliwa na heroe wadogo kwenye maziwa ya magadi kama Bogoria, si wa maji baridi, lakini nimeijibu kwa sababu ni jirani. Hakikisha tu mzalishaji wako anapima kila fungu, kwa sababu bwawa la wazi linaweza kuingiliwa na wengine.

*Mimi ni kijana wa Bukoba. Shule yetu imepata hadubini na nataka nianze kuwatambua hawa mwenyewe. Nianzie wapi? — Mpenda sayansi*

Barua yako imenifurahisha kuliko zote. Anza kabla ya hadubini. Vaa glovu, jaza chupa angavu robo tatu kwa maji yenye kijani, iache usiku kucha bila kuitikisa. Kijani kikijikusanya juu asubuhi, yaelekea ni hawa wenye vifuko vya hewa. Kikizama chini, yaelekea ni mwani wa aina nyingine. Kisha chovya kijiti ziwani. Kikitoka kimening'iniza nyuzi kama nywele, huo ni mwani wa nyuzi. Kikitoka kimepakwa kama rangi, wahisi hawa.

Kuna jaribio nililolifanya nikiwa bado naanza kazi, na sijalisahau. Mjerumani Klebahn alilifanya mwaka 1895. Nilijaza chupa nene ya kioo hadi mdomoni kwa maji ya Microcystis, nikaziba kwa kizibo bila kuacha hewa, nikaizungushia taulo, nikavaa miwani ya kinga, mwalimu wangu akagonga kizibo kwa nyundo mara moja. Maji yaliyokuwa na ukungu wa kijani kilichopauka yakageuka palepale, yakawa angavu na meusi zaidi. Baada ya muda kijani chote kikawa chini. Shindo lile lilikuwa limevibana vifuko vyote vya hewa kwa wakati mmoja. Usilifanye bila mwalimu.

Kwenye hadubini usikimbilie jina la spishi. Jiulize: ni uzi au ni kundi? Kama ni uzi, umenyooka au umejizungusha? Una heterositi? Ziko katikati au mwishoni? Akineti iko karibu na heterositi au mbali nayo? Pima upana wa seli 20, usipime moja, kwa maana seli inayokaribia kugawanyika si saizi ya mwenzake. Ukifika kwenye jenasi kwa uhakika umefanya kazi nzuri. Hata mimi mara nyingi naishia hapo na kuiachia maabara ya vinasaba iliyobaki. Andika tarehe, saa, mahali, hali ya upepo, na kama mvua ilinyesha.

Na uchore sampuli ikiwa hai. Ukishadondoshea iodini ya Lugol ili isiharibike, kila kitu kinakuwa cha kahawia, na ile buluu-kijani hutaiona tena.